Sufuria ya Mgeni Rasmi

Mimi nikikasirika nasonga ugali mgumu. Wateja wangu wanalijua hilo. Wakikata tonge la kwanza wanatazamana, halafu mmoja anauliza kwa upole, "Mama Ida, leo nani kakuudhi?" Basi mwaka jana, mwezi wa tisa, kwa wiki tatu nzima watu wa mtaa wetu hapa Kilosa walikula ugali wa kuvunjia meno, na aliyeniudhi ilikuwa kamati.

Jina langu Salome. Nina kibanda cha chakula karibu na stesheni ya zamani, na mwisho wa mtaa wetu, chini ya tuta la mto Mkondoa, tuna bustani. Bustani hiyo haikuanzishwa na mtu yeyote wa maana. Mafuriko yalileta tope, tope likakauka, mtu akachomeka marando ya viazi, mwingine akamwaga mbegu za mchicha, mwingine akaona aibu kukaa bure akapanda bamia. Tukajikuta tuna matuta arobaini, kisima kimoja cha pampu ya mkono, na uzio wa miti kwa ajili ya mbuzi. Sheria ilikuwa moja tu: chuma cha kula leo. Hakuna aliyekuuliza wewe nani, una shida gani, umemwagilia mara ngapi. Mwenye nguvu alimwagilia, mwenye njaa alichuma, na mara nyingi alikuwa mtu yule yule. Mgeni akishuka kwenye treni hana ndugu hapa mjini, tulimwonyesha bustani kwanza, msikiti na kanisa baadaye.

Aliyemwagilia kuliko wote alikuwa Mzee Hezekia, mstaafu wa reli. Ujana wake wote aliumalizia kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, toka Kidete mpaka Kimamba. Mkewe alishafariki, na watoto wako Dar es Salaam, wanapiga simu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye pampu na ndoo zake mbili. Ikifika saa tatu anachuma fungu la matembele, anatia kwapani, anaondoka. Hakuna aliyempigia makofi kwa maji yake na hakuna aliyemhesabia matembele.

Tena ni mtani wangu. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge Kimamba, na Hezekia ni Msagara wa milimani. Kati yetu staha inaishia kwenye salamu.

"Shikamoo, mwizi wa mataruma ya reli."

"Marahaba, mtumwa wangu. Babu yako tulimnunua kwa kuku kilema, na mpaka leo tunamdai kuku."

Siku tunamzika baba yangu, Hezekia alishuka kaburini, akalala chali, akafumba macho, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu wakamwomba, akakoroma. Mama yangu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie. Jogoo akatolewa, Hezekia akatoka, akapita jikoni akabeba chungu kizima cha nyama akaenda nacho kwake, wala hakuna aliyemfuata. Ndiyo utani wenyewe. Mtani anachukua, wewe unatukana, mambo yanaisha. Ukikasirika kweli kweli, aibu ni yako.

Sasa akaja Mwalimu Theodory. Ni jirani yetu, mstaafu wa ualimu mkuu, mtu mwema, lakini hawezi kuona watu wawili wamesimama asiwapange mstari. Alisikia kuna mfuko fulani Morogoro mjini unaosaidia bustani za wananchi. Unatoa pampu ya umeme wa jua, matangi, na uzio wa seng'enge. Simlaumu kwa kuitaka pampu, maana ile ya mkono imetuumiza mabega sote. Mfuko ulituma swali moja: mna wajitoleaji wangapi na wanufaika wangapi? Mwalimu akaitisha mkutano, na katika mkutano huo tukapata kamati, mwenyekiti akiwa yeye, na katibu akiwa Vaileth, binti aliyemaliza diploma ya maendeleo ya jamii. Vaileth ni mpole, ana adabu, ila fomu ndiyo dini yake.

"Kutakuwa na orodha mbili," Vaileth akatusomea. "Ya wajitoleaji na ya wanufaika. Jina moja haliwezi kuwa kote kuwili."

"Na mtu anayemwagilia halafu akachuma?" nikauliza.

"Huyo ni mgongano wa maslahi, Mama Ida."

"Mwanangu, huyo ni sisi wote hapa."

"Ndiyo maana tunajipanga," akasema Mwalimu, na watu wakapiga makofi, maana neno kujipanga hapa kwetu halikataliwi.

Fulana zikaja. Za kijani za wajitoleaji, za njano za wanufaika, zimeandikwa mgongoni kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya mto. Wa kijani anafanya kazi lakini hachumi. Wa njano anachuma, ila kwanza ajaze fomu: kabla ya bustani ulikuwa ukila milo mingapi kwa siku, sasa unakula mingapi, unajisikiaje. Chini picha ya pasipoti na dole gumba.

Jamani, kwa wiki moja tu wajitoleaji wakafika sitini na wawili. Watu ambao hawajawahi kushika jembe toka wazaliwe walitaka fulana ya kijani, na wengine walikuja kuichukua kwa bodaboda, hawakuzima hata pikipiki. Wanufaika wakapatikana saba. Mwalimu akakosa usingizi. Bustani ina wasaidiaji sitini na wawili na wenye njaa saba, itaombaje pampu? Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye njaa. Akawaomba watu wenye heshima zao wawe maskini kidogo, mpaka mgeni wa ule mfuko, anayekuja kukagua, aondoke tu. Mwanakheri, anayeuza vitumbua pale njia panda, alikubali kwa sharti la kupigwa picha na khanga yake mpya na hereni.

Huku nyuma bustani ikanona. Wanaochuma wachache, na nusu yao wa kuombwa. Mchicha ukapanda mpaka ukatoa maua. Bamia zikakomaa zikawa kuni. Mwalimu akipita alikuwa anafurahi kabisa, anasema, "Tazameni inavyopendeza kwa picha."

Mzee Hezekia walimwandika mjitoleaji namba moja. Mwalimu alidhani anamheshimu, na mbele ya mkutano alimvika fulana kwa mikono yake. Kesho yake saa kumi na mbili mzee yuko kwenye pampu kama kawaida. Saa tatu akanawa miguu, akaondoka. Kwapani hakuna kitu.

Wiki ya kwanza sikuwa na wasiwasi, nilijua ana mahindi. Wiki ya pili nikasikia kwa watu wa Masanze kwamba shamba lake kule halikutoa hata debe, mvua ilikata mahindi yakiwa yanachanua. Nikaanza kumtazama vizuri. Suruali ameifunga kwa kamba. Ndoo mbili zimekuwa moja, na hiyo moja anaitua katikati ya njia. Nikapakua wali maharage, nikafunika, nikampelekea mwenyewe.

"Nimekula," akasema.

"Umekula nini?"

"Nimekula, nimekwambia."

Alinirudishia sahani na kifuniko chake. Nikamwambia basi ajiandikishe njano, kwani fulana inauma? Akanitazama.

"Salome," akasema. Hakuniita mtumwa, aliniita jina langu, na hapo ndipo nilipoogopa. "Nimefanya kazi miaka thelathini na minne. Sitaweka dole gumba mahali palipoandikwa kwamba nina njaa."

Nikaenda kwa Mwalimu na hasira zangu.

"Mzee Hezekia anashinda na njaa."

"Amejaza fomu?"

"Hajajaza."

"Basi kwa utaratibu wetu hana shida."

"Mwalimu! Mruhusu achume. Anamwagilia bustani nzima peke yake."

"Nikimruhusu yeye, mama, hawa wa kijani sitini na mmoja watasema na wao. Mgeni anakuja Jumamosi. Vumilia mpaka Jumamosi."

Kilichonikera zaidi ni kwamba alisema kwa upole, tena kwa sauti ya mtu anayeumia. Akaniomba nipike chakula cha mgeni rasmi: pilau, nyama, na mboga za kuonyesha matunda ya bustani. Mboga zenyewe nikanunue sokoni, maana za bustani zisiguswe mpaka zipigwe picha. Nilirudi kibandani nikasonga ugali, na mteja mmoja, fundi baiskeli, akaniuliza kama ni wa kula au wa kujengea.

Usiku huo nilikosa raha. Mtu hataki kupewa, wala hataki kuandikwa. Hata ukimwachia chakula mlangoni atakirudisha. Nikaona njia iliyobaki ni moja. Nikimpa atakataa, lakini akiniibia ni haki yake. Tena siku hizi utani umebaki mdomoni, watu wanatukanana kwenye simu wanatumiana vikatuni, hakuna anayebeba chungu cha mtu. Itabidi nimchokoze mpaka aone aibu kwa niaba ya kabila zima.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwenye pampu, wakati watu wamejaa foleni ya maji. Nikashika kiuno.

"Shikamoo mzee! Hivi Wasagara bado mpo, au mlishakwisha na injini za makaa?"

"Marahaba," akasema, anapampu polepole.

"Maana Jumamosi mimi Mnyamwezi napika hapa hapa bustanini. Ng'ombe mzima mdogo. Zamani mngekuwa mmeshanusa. Siku hizi wanaume wa milimani mmekuwa wapole, mmevishwa fulana mkatulia. Hakuna Msagara mwenye ubavu wa kugusa kifuniko changu!"

Watu wakaguna, wakacheka. Mzee akaacha kupampu.

"Mtumwa," akasema, "unanisemesha mimi?"

"Nakusemesha wewe. Na wajomba zako."

Alibeba ndoo yake akaenda. Sikujua kama nimemwasha au nimemuumiza, na siku mbili zote zile roho yangu ilikuwa juu juu.

Jumamosi nikapikia pembeni ya bustani, chini ya turubai. Ubavuni, karibu kabisa na njia ya kutokea, niliweka kisufuria kidogo cha kuku wa kienyeji. Kimefunikwa, kina mkono wa kushikia, mtu anaweza kukibeba akapotea bila kuonekana na yeyote. Hicho ndicho nilichomtegea.

Mgeni rasmi akafika saa sita, mama mmoja wa makamo, viatu vya chini, daftari mkononi. Akaonyeshwa matuta, akapigwa picha na bamia zile kuni. Wa kijani wakaimba. Wa njano walikuwa wamefika kumi na tisa, Mwanakheri mbele na hereni zake. Mwalimu akasoma risala ndefu, nami nikiipua pilau nilisikia tu "kujituma" na "kujipanga". Mwishowe akatangaza chakula. Nikabeba lile sufuria kubwa, nikaliweka kwenye meza yenye kitambaa cheupe mbele ya mgeni, na kabla sijafunua nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nani Mnyamwezi mwenye sufuria hili?"

Hezekia amevaa koti lake la kazi la reli, limefungwa vifungo vyote. Kile kisufuria cha pembeni alikuwa amekipita bila kukitupia jicho. Watu wakalipuka, maana wote walijua ya Alhamisi.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mshikeni! Mwizi wa reli huyo!"

Hakuna aliyemshika. Nani atamshika mtani? Mwalimu Theodory mwenyewe ni Mluguru, anaijua sheria hiyo toka tumboni, akabaki amenyanyua mkono hewani. Mzee akachukua kitambaa changu begani kwangu, akashika masikio ya sufuria, akainua. Mikono ilimtetemeka, na kicheko kikazidi. Akatembea nalo taratibu katikati ya watu, wanawake wakapiga vigelegele, akaenda kulitua kando ya tuta la mchicha. Akanawa kwa maji ya dumu. Akakaa chini kwenye udongo, akafunua.

Mgeni akacheka na yeye, akamwinamia Mwalimu kuuliza, na Mwalimu akaeleza kwamba ni utani, mheshimiwa, mila yetu, hana nia mbaya. "Nzuri sana," akasema mgeni, akaandika.

Mzee akaanza kula.

Pilau lilikuwa la moto, limetoka mekoni saa hiyo hiyo. Hakupuliza. Alitia mkono, akaweka mdomoni, akatia tena kabla hajameza. Nyama hakuitafuna, aliivuta tu ikashuka. Punje zilizoangukia kwenye koti alizifuata moja moja kwa kidole. Hakumtazama mtu. Kicheko kikaanza kupungua kwa wale waliokuwa karibu naye, kikaenda kikipungua kurudi nyuma, mpaka wale wa mwisho kabisa, ambao hawakuwa wanaona kitu, wakabaki wanacheka peke yao. Nao wakanyamaza. Ikawa inasikika sauti ya mtu mmoja anakula.

"Jamani," akasema Mwanakheri, polepole, lakini wote tulimsikia. "Huyu mzee ana njaa."

Akavuta khanga juu ya fulana yake ya njano, kama anataka kuificha.

"Huyu baba ni nani?" mgeni akauliza, akiinuka kitini.

"Ni mjitoleaji wetu namba moja, mheshimiwa," akasema Mwalimu. "Ndiye anayemwagilia bustani yote."

"Anakula wapi?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, hakuuliza kwa ubaya. Mwalimu akamgeukia Vaileth. Vaileth akafungua jalada, akapitisha kidole orodha ya kwanza, akapitisha orodha ya pili, akarudi ya kwanza. "Mwalimu," akanong'ona, "tumwandike wapi?" Mwalimu alivua miwani, akakaa kwenye kiti cha mgeni bila kujua ni kiti cha nani.

Mimi nilitaka kulia kwa sauti, nitupe mwiko, nimkumbatie yule mzee pale pale kwenye mchicha. Ndipo akainua uso. Alikuwa ameshaelewa kwamba watu wamenyamaza, na kwa nini wamenyamaza. Mkono ulikuwa bado ndani ya sufuria. Akanitafuta mimi kwa macho katikati ya watu wote wale, na naapa sijawahi kuona mtu anaomba kitu kwa nguvu namna ile. Ningelia, angekuwa amekwisha. Angekuwa njano mbele ya mtaa mzima.

"Mnyamwezi!" akaita, sauti imemkauka. "Pilau gani hii haina chumvi?"

Nikajifuta uso kwa khanga, nikashika kiuno.

"Chumvi ikusaidie nini, mzee usiye na meno!" nikamtukana. "Umemeza nyama ya watu bila kutafuna, shingo kama ya korongo! Mgeni wetu atakula nini sasa, mwizi mkubwa wewe? Toka kwenye mchicha wetu!"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akamfuata, halafu wote, wanacheka kwa pupa kama watu waliofunguliwa mlango. Mgeni rasmi akafunga daftari, akavuta kigoda, akaenda kukaa karibu na sufuria, akaomba kunawa. Mwanakheri naye akaenda. Mzee akawasogezea sufuria kidogo, kwa madaha, maana ni lake, amelichukua kihalali.

"Na kesho nakuja kuchukua lingine," akaniambia.

"Thubutu!" nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni. "Ukikanyaga kibandani kwangu nakuvunja miguu yote miwili!"

Moyoni nilikuwa namwomba Mungu athubutu.